Unyayo Chini ya Mlango

Kwenye rafu ya viatu, langoni mwa shule,
tundu la tatu kutoka chini, jina bado lipo:
Nagatomo Tsukasa, darasa la tano.
Viatu vyeupe vya ndani, ncha za kijani,
namba ishirini na mbili.
Tangu Septemba havijakanyaga sakafu.
Buibui amehamia humo, hajadaiwa kodi.

Watoto huniita Mtu wa Jumanne.
Kazi yangu haina kengele wala ubao.
Nina baiskeli, daftari na soksi safi,
maana huku Kushiro navua viatu mara sita kwa siku,
na familia husoma soksi zako
kabla ya kuusoma uso.

Bi. Nagatomo alinifungulia mara ya kwanza
kwa upana wa kiganja.
Usiku kucha hupanga wali na samaki katika visanduku vya plastiki,
mchana huudonoadonoa usingizi.
"Nimeshindwa kumlea," alisema,
akainama hadi nywele zikagusa sakafu.
Nikamwambia, sikuja kuhesabu makosa.
Nimekuja kunywa chai, kama ipo.
Ilikuwepo. Ilikuwa ya jana. Tukainywa.

Shuleni waliniuliza: mvivu, au mgonjwa?
Kana kwamba mtoto ni swali la kuchagua A au B.
Mwalimu Imazeki, kijana, macho mekundu kwa kusahihisha,
alitaka nimtajie siku ya kurudi
aijaze kwenye fomu.
Nikamwambia, andika kwa penseli.

Mlango wa chumba cha Tsukasa ni wa mbao nyembamba,
chini yake pana mwanya, unene wa daftari.
Jumanne ya kwanza nilikaa hapo, nikanyamaza.
Ya pili pia.
Ya tatu nikasoma kwa sauti karatasi ya matangazo ya duka:
figili, mayai, nyanya, sabuni ya kufulia,
kwa sababu nilikosa la kusema
na kimya kilianza kunizidi nguvu.
Ndani, mtu alicheka. Au alikohoa.
Niliandika: alicheka.

Haba na haba, ndiyo,
lakini nani ameniambia kibaba chenyewe kina ukubwa gani?

Baridi ikaja, dirisha likaota barafu kwa ndani.
Mdogo wake, Mio, miaka saba, akawa tarishi wetu:
"Kaka anasema usisome nyanya. Anazichukia."
Nikazifuta nyanya.

Machi, juma la mwisho kabla ya darasa la sita,
nilipitisha karatasi tupu chini ya mlango,
na penseli fupi.
Nikasema, viatu vyako vipo,
ila sijui kama bado ni vyako.
Mguu haungoji ruhusa ndipo ukue.
Sikumwomba atoke. Nilimwomba unyayo.

Dakika kumi na moja.
Jokofu likanguruma, likatulia.
Mama yake jikoni alikuwa akifuta kikombe
kilichokauka zamani.

Kisha karatasi ikarudi, pembe kwanza:
mstari unaotetemeka kwenye kisigino,
vidole vitano, kimoja kimechorwa mara mbili,
na pembeni, kwa herufi za sisimizi,
"Huu wa kushoto. Wa kulia ni mkubwa kidogo."

Nikapima kwa rula, magoti sakafuni.
Ishirini na nne na nusu.
Bi. Nagatomo akaketi,
akaweka kiganja juu ya ule mchoro,
kama mtu anayepima homa.
"Amekua," akasema. "Humu humu ndani, amekua."

Sijui kama atavivaa.
Leo asubuhi nimevipanga vile vipya, tundu la tatu,
na buibui nimemhamishia tundu la jirani, lisilo na jina.
Kwenye fomu, penye nafasi ya tarehe,
nimeandika kwa penseli:
ishirini na nne na nusu.
Wa kulia ni mkubwa kidogo.